Uhamiaji Marekani: sheria ni ya Washington, funguo za mahabusu ni za kaunti

#1 Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila wiki tunasoma humu kwamba Texas wanakamata kila mtu, au kwamba California hakuna anayeguswa, na watu wetu wanahama majimbo, wanauza samani na kuwatoa watoto shule kwa kutegemea maneno hayo. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili huku Marekani. Kazi yangu ni mahakamani, hospitalini na mahabusu, na naona tunalijadili jambo hili bila kulifungua lilivyo.

Nianze na usiku mmoja. Familia ya kutoka nyumbani ilinipigia simu kwamba kijana wao amekamatwa kwa kuendesha gari bila leseni. Alikuja kwa viza ya masomo, karo ikamshinda, viza ikaisha, akabaki. Nilimkuta shangazi yake kwenye ukumbi wa mahabusu ya kaunti akiwa na fedha za dhamana zilizochangwa na waumini wenzake, noti za dola ishirini ishirini zilizofungwa kwa mpira wa kubania nywele. Akazipitisha chini ya kioo, karani akazihesabu mara mbili, akagonga muhuri kwenye risiti, kisha akatuambia kwamba kijana hatatoka usiku ule kwa kuwa amewekewa zuio la uhamiaji. Nikatafsiri. Shangazi hakumtazama karani, alinitazama mimi: "Zuio gani tena, mwanangu, na risiti hii ninayo mkononi?"

Zuio lile ni fomu inayoitwa I-247A. Inatolewa na ICE, idara ya serikali kuu iliyoundwa mwaka 2003, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuwakamata na kuwarudisha makwao wahamiaji wasio na kibali. Fomu inaiomba mahabusu imshikilie mtu kwa muda usiozidi saa 48 baada ya wakati ambao angeachiwa, ili maofisa wa ICE wapate nafasi ya kuja kumchukua. Haina saini ya jaji. Ina saini ya ofisa wa uhamiaji. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya shirikisho iliyoko Philadelphia iliamua kwamba fomu hiyo ni ombi wala si amri, na kwamba kaunti inayolikubali ombi hilo inaweza kushtakiwa yenyewe kwa kumshikilia mtu. Kwa hiyo, kama kijana yule angesimamishwa na polisi maili chache mbele, upande wa pili wa mpaka wa kaunti, huenda shangazi yake angerudi naye nyumbani usiku uleule, ingawa kosa ni lilelile na sheria ya Washington ni ileile.

Mvutano wa majimbo na serikali kuu umesimama juu ya kanuni mbili za mahakama. Kanuni ya kwanza ni kwamba jimbo haliwezi kujitungia sheria yake ya uhamiaji. Arizona ilijaribu mwaka 2010 kwa sheria ya SB 1070, iliyosainiwa na Gavana Jan Brewer. Sheria hiyo ilifanya kutokuwa na karatasi za usajili wa mgeni kuwa kosa la jimbo, ikafanya kutafuta kazi bila kibali kuwa kosa la jimbo, na ikawapa polisi uwezo wa kumkamata bila hati mtu wanayeamini kwamba anastahili kufukuzwa nchini. Juni 2012 Mahakama ya Juu ilivifuta vifungu hivyo vitatu, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Anthony Kennedy. Kati ya vifungu vinne vilivyopingwa, kilichosalia ni kile kinachomtaka polisi aliyekwisha kumsimamisha mtu kwa sababu halali aulizie hadhi yake ya uhamiaji anapokuwa na shaka ya msingi.

Kanuni ya pili inavutia upande mwingine: Washington nayo haiwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo au kaunti watekeleze sheria yake. Hiyo ilithibitishwa mwaka 1997 katika kesi ya Printz, nami nitaieleza nikiulizwa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Sheria ya uhamiaji iwe ya serikali kuu, itekelezwe na watumishi wa serikali kuu, na mahabusu ya kaunti isimshikilie mtu hata saa moja zaidi bila saini ya jaji. Msimamo huo usigeuke kila rais anapobadilika. Nakaribisha hoja.

#2 Mchangiaji, Texas

Salaam, mleta uzi. Nakushukuru kwa kuandika kwa utulivu, ila sikubaliani nawe.

Nimepata uraia wa nchi hii baada ya kungoja miaka, kulipa ada, kupigwa alama za vidole mara tatu na kufanya mtihani. Mtu aliyesubiri namna hiyo akiambiwa kwamba sheria hii ni ya serikali kuu peke yake, lazima atauliza: na serikali kuu isipoitekeleza? Eagle Pass ni mji wenye watu wasiofika 30,000, kando ya mto Rio Grande. Mwaka 2023 kulikuwa na siku ambazo walivuka pale maelfu ya watu ndani ya siku moja. Zimamoto wa mji ndio waliokuwa wakiopoa miili ya waliozama, na wengi kati ya wananchi wa pale ni watu wa asili ya Mexico ambao hawana chuki na mgeni yeyote. Walikuwa wamechoka tu.

Gavana Greg Abbott alikuwa ameanzisha Operation Lone Star tangu Machi 2021. Alipeleka askari wa jimbo, akaweka seng'enge za wembe kando ya mto, na Januari 2024 jimbo likaitwaa bustani ya Shelby Park ya mji ule na kuwazuia askari wa doria ya mpakani wa shirikisho wasiitumie. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, iliwaruhusu maofisa wa shirikisho waikate seng'enge ile. Serikali inayodai kwamba mpaka ni wake ilikwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kukata uzio uliowekwa na jimbo. Jambo hilo liliniuma sana.

Ndiyo maana Desemba 2023 Texas ikapata sheria yake ya SB 4. Inafanya kuingia Texas kutoka nchi ya kigeni nje ya vituo halali kuwa kosa la jimbo, na inamruhusu hakimu wa jimbo kumwamuru mtu arudi alikotoka. Makosa hayo ni yaleyale yaliyomo katika sheria ya Washington. Nyumba ikiungua na zimamoto wasije, jirani hakatazwi kuchota maji.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Texas, maumivu ya Eagle Pass siyapuuzi. Tatizo langu na SB 4 linaanzia penye maneno "arudi alikotoka", na limekuwepo tangu karne ya kumi na tisa.

Kabla ya miaka ya 1870 majimbo ndiyo yaliyosimamia wageni kwa sehemu kubwa. New York na Massachusetts zilitoza ada kwa abiria wa meli na kuwakataa maskini. California ilikuwa na kamishna wake wa uhamiaji bandarini San Francisco. Mwaka 1874 kamishna huyo alipanda meli iitwayo Japan, akawatazama abiria, akawatenga wanawake 22 wa Kichina kwa madai kwamba ni wahuni, na kumtaka nahodha aweke dhamana ya dola 500 za dhahabu kwa kila mmoja wao, la sivyo wasishuke. Uamuzi ule wa melini ulikuwa wa mtu mmoja tu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kwa jina la mmoja wa wanawake hao, Chy Lung, na mwaka 1876 Jaji Samuel Miller akaifuta sheria ile ya California. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi ya kigeni ikidhulumiwa raia wake haiendi kudai kwa California, inadai kwa Marekani nzima. Iweje basi ofisa mmoja wa jimbo awe na uwezo wa kuiingiza nchi nzima katika ugomvi na dola nyingine?

Sasa rudi kwenye SB 4. Machi 2024, siku ambayo Mahakama ya Juu iliiacha ianze kutumika, kabla Mahakama ya Rufani haijaisimamisha tena saa chache baadaye, serikali ya Mexico ilitangaza kwamba haitampokea mtu yeyote atakayerudishwa na jimbo la Texas. Hakimu wa Texas anaweza kuandika amri, lakini darajani upande wa pili amesimama ofisa wa Mexico, na ofisa huyo anazungumza na Washington. Jirani wa mfano wako anayo ndoo, ila kisima si chake.

Lazima niseme na lile lisilopendeza upande wangu. Serikali kuu ilipoyachukua mamlaka hayo kutoka kwa majimbo, haikuyatumia kwa huruma. Mwaka 1882 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na ubaguzi ule ukawa wa nchi nzima kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo sisemi kwamba Washington ina moyo mwema kuliko Austin au Phoenix, miji mikuu ya Texas na Arizona. Ninachosema ni kwamba mamlaka yakiwa mahali pamoja, mtu anajua nani amemkamata na aende mahakama gani kumshtaki.

#4 Msomaji, Dodoma

Naomba kueleweshwa, wakuu. Huku kwetu uhamiaji ni jambo la Muungano, liko kwenye orodha pamoja na uraia na polisi. Mkuu wa mkoa hawezi kuamka asubuhi akasema kituo cha polisi cha mkoani kwake hakitashirikiana na Idara ya Uhamiaji. Kenya nayo ina kaunti 47, lakini polisi ni wa taifa. Inawezekanaje Marekani sherifu apokee barua ya serikali ya nchi yake na kuiweka pembeni?

#5 Mleta uzi

Swali lako ndilo kiini, ndugu yangu, nami nitalijibu kwa urefu.

Polisi wa Marekani si mali ya Washington. Mji una polisi wake, na jimbo lina wake. Kaunti ina sherifu ambaye mara nyingi anachaguliwa kwa kura za wananchi, na ndiye anayesimamia mahabusu. Mshahara wake hautoki Washington, wala rais hawezi kumfukuza kazi. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria iliyowataka maofisa wa polisi wa mitaa wachunguze historia ya kila anayetaka kununua bastola. Sherifu Jay Printz wa Kaunti ya Ravalli, Montana, akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali kuu haiwezi kumwamuru ofisa wa kaunti aifanyie kazi. Mwaka 1997 alishinda kwa kura 5 kwa 4, na hukumu iliandikwa na Jaji Antonin Scalia, aliyekuwa nguzo ya majaji wa mrengo wa kihafidhina. Kesi ile ya wapenda bunduki ndiyo ukuta ambao miji ya mrengo wa kushoto inauegemea leo inapokataa kuifanyia ICE kazi. Ndiyo maana nawasihi watu wasiichukulie kanuni hii kama mali ya chama kimoja.

Kwa kuwa Washington haiwezi kuamuru, inaomba, na wakati mwingine inaingia mkataba. Mwaka 1996 Bunge liliongeza kifungu cha 287(g) katika sheria ya uhamiaji, kinachoruhusu polisi wa jimbo au kaunti wapewe mafunzo na kufanya baadhi ya kazi za maofisa wa uhamiaji chini ya usimamizi wa ICE. Iko mikataba ya ndani ya mahabusu tu, na iko ile ya barabarani, ambapo naibu sherifu aliyekusimamisha kwa taa mbovu anaweza kukuhoji kuhusu uhamiaji palepale. Ile ya barabarani ilisitishwa mwaka 2012 na ikafufuliwa mwaka 2025. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mikataba yote nchini ilikuwa takriban 135. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepita 1,000. Florida na Texas zimetunga sheria za kuwalazimisha masherifu waingie mikataba hiyo, huku Illinois na California zikiwakataza.

Kwa nini ile ya barabarani ilisitishwa? Sababu mojawapo ni Kaunti ya Maricopa, Arizona, kulikokuwa na Sherifu Joe Arpaio. Manaibu wake walifanya misako katika mitaa ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini na kusimamisha magari kwa visingizio vidogo vidogo. Mlalamikaji wa kwanza katika kesi iliyofunguliwa dhidi yake alikuwa raia wa Mexico mwenye viza halali, abiria tu katika gari ambalo lilisimamishwa mwaka 2007. Mwaka 2013 Jaji Murray Snow aliamua kwamba ofisi ile ilikuwa inawabagua watu kwa asili yao. Arpaio aliendelea kukaidi amri ya mahakama, akatiwa hatiani Julai 2017, na mwezi uliofuata Rais Trump akamsamehe. Msamaha ule haukuwagusa walipa kodi wa kaunti, ambao wamelipa makumi ya mamilioni ya dola kwa mawakili, fidia na usimamizi wa mahakama.

Sasa kwa wale wanaodhani California hakuna anayeguswa, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Ukikamatwa na polisi popote Marekani, alama zako za vidole zinatumwa FBI, na kupitia mpango uliofika nchi nzima mwaka 2013 zinapitishwa pia kwa idara ya uhamiaji. California haiwezi kulizuia hilo. Vilevile haiwezi kuwazuia maofisa wa ICE wenyewe wasifanye kazi ndani ya jimbo. Juni 2025 misako ilifanyika Los Angeles mchana kweupe, na maandamano yalipozuka, Rais Trump aliwaweka chini yake askari wapatao 4,000 wa Ulinzi wa Taifa wa California, akaongeza wanamaji 700, bila ridhaa ya Gavana Gavin Newsom. Sheria ya jimbo inawafunga mikono polisi wa jimbo, lakini mlangoni pako haiweki kufuli.

#6 Mchangiaji, Maine

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Mimi ni mama mwenye asili ya Congo. Nilifika Portland, jimbo la Maine, katika kiangazi cha mwaka 2019, kwa basi kutoka San Antonio, Texas, pamoja na mamia ya watu wa Congo na Angola waliokuwa wameomba hifadhi mpakani. Mji ulitulaza katika ukumbi wa Portland Expo, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, vitanda vimepangwa safu safu chini ya mbao za magoli. Watu wa mji walituletea mchele, na mtu mmoja, Mungu ambariki, alileta samaki wakavu. Kwa hiyo nimeyaona majimbo yote mawili katika juma moja.

Nataka kusema juu ya makaratasi. Mtu mwenye kesi ya hifadhi hana grini kadi. Ana barua ya kumpa tarehe ya mahakama ya uhamiaji, ambayo huenda ikawa baada ya miaka miwili au mitatu. Ana risiti ya ombi lake. Na baadaye, Mungu akijalia, ana kibali cha kazi. Hiyo risiti naijua kwa sababu niliibeba ndani ya mfuko wa plastiki hadi maandishi yakaanza kufutika kwenye mikunjo. Polisi wa kawaida akiiona haelewi ni kitu gani. Je, huyu yupo kihalali, au hayupo? Wakili wangu alihitaji saa nzima kunieleza mimi mwenyewe. Mnataka naibu sherifu aamue barabarani, usiku, na mvua inanyesha?

Jambo la pili. Katika jengo letu kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akipigwa na mumewe. Sote tulisikia kupitia ukuta. Alikataa katakata kupiga 911, kwa sababu dada yake aliyekuwa jimbo jingine alimwambia polisi wakija watauliza makaratasi ya kila mtu ndani ya nyumba, hata ya watoto. Wanawake watatu tulikaa naye jikoni mpaka alfajiri tukimweleza kwamba polisi wa mji wetu wakiitwa kwa ugomvi wa nyumbani hawaulizi hayo. Alipiga simu saa kumi na moja asubuhi. Sijui angepiga lini kama tungekuwa tunaishi mahali ambapo hatuwezi kumhakikishia.

#7 Mchangiaji, Texas

Mama wa Maine, nimeyasoma maneno yako mara mbili, na hilo la mwanamke yule sina la kulipinga. Polisi aliyeitwa kumwokoa mtu asigeuke kuwa ofisa wa uhamiaji. Hapo nakubali kabisa.

Lakini tuzungumzie mahabusu, kwa sababu mahabusu ni jambo tofauti. Aliyeko mahabusu amekwisha kukamatwa kwa tuhuma nyingine. Kaunti ikikataa kumkabidhi mlangoni, ICE hawaachi kumtafuta. Wanamfuata nyumbani kwake, kazini kwake, kwenye maegesho ya duka. Wakimfuata huko wanamkuta pamoja na shemeji yake, mpangaji mwenzake na fundi aliyekuja kutengeneza bomba, na wote wanaulizwa. Kwa hiyo huo mlango wa mahabusu mnaoufunga kwa nia njema unawapeleka maofisa wenye silaha mitaani kwetu. Kumkabidhi mtu mmoja ndani ya jengo lenye ulinzi ni salama zaidi kwa kila mtu.

Tena kuna wahalifu halisi. Januari 2025 ilisainiwa sheria inayobeba jina la Laken Riley, mwanafunzi wa uuguzi aliyeuawa Georgia mwaka 2024 na mtu ambaye aliingia nchini bila kibali na alikuwa amewahi kukamatwa kabla. Mzazi wa binti yule mtamweleza nini kuhusu kanuni ya Printz?

Na la mwisho, mleta uzi. Mwaka 2012 upande wenu uliisifu Mahakama ya Juu kwa kusema kwamba uhamiaji ni wa serikali kuu. Leo serikali kuu imeamka, nanyi mnasema majimbo yana haki ya kukataa. Nani hapa anayegeuka?

#8 Mleta uzi

Mkuu, hoja ya mlango wa mahabusu ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wako, na sitajifanya kwamba ninalo jibu linaloimaliza. Ni kweli kwamba mtu asipokabidhiwa ndani anatafutwa nje, na wanaokutwa pamoja naye ni watu wetu. Nimekaa na familia zilizopatwa na hilo.

Hata hivyo tazama jinsi sheria ya California, SB 54, ilivyotunga mstari wake tangu Januari 2018. Haikatazi kumkabidhi kila mtu. Ina orodha ndefu ya makosa makubwa ambayo, mtu akiwa amepatikana na hatia, mahabusu inaruhusiwa kuwaarifu ICE tarehe ya kumwachia na kumkabidhi kwao. Kinachokatazwa ni kumshikilia mtu kwa ajili ya zuio tupu baada ya muda wake kwisha. Serikali kuu iliishtaki California kwa ajili ya sheria hiyo. Mahakama ya Rufani ilikataa kuizuia mwaka 2019, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufani. Kwangu mimi mstari huo una busara, ingawa ningependa nao upitie kwa jaji. Mzazi wa binti aliyeuawa anastahili kuona muuaji akifungwa, na muuaji yule alihukumiwa kifungo cha maisha katika mahakama ya jimbo la Georgia, chini ya sheria ya jimbo, kama inavyopaswa. Lakini sheria ya Laken Riley inamweka kizuizini bila dhamana hata mtu asiye na kibali aliyeshtakiwa tu kwa kuiba kitu dukani, kabla mahakama haijasema neno. Mshtakiwa na mwenye hatia si mtu mmoja.

Kuhusu kugeuka, nakujibu moja kwa moja. Kukataa kushiriki ni jambo moja, na kuzuia kwa nguvu ni jambo jingine. Jimbo linapowaambia polisi wake wasifanye kazi ya ICE, halijagusa mamlaka ya Washington. Jimbo linapofunga bustani kwa seng'enge na kuwafukuza askari wa shirikisho, limeyagusa. Kwa kanuni hiyohiyo, sikubaliani na ofisa yeyote wa mji wa upande wangu atakayejaribu kumzuia ofisa wa ICE mwenye hati ya jaji. Tena Texas na Louisiana zilipokwenda mahakamani kuilazimisha serikali ya Rais Biden ikamate watu wengi zaidi, Mahakama ya Juu iliwakatalia Juni 2023 kwa kura 8 kwa 1, pamoja na majaji wengi walioteuliwa na marais wa Republican, chama cha Gavana Abbott. Rais aliyepo ndiye anayeamua aanze na nani, na sisi tusiokubaliana naye tunamngoja kwenye sanduku la kura. Hilo nalisema leo, wakati ambapo linanigharimu.

#9 Msomaji, Dodoma

Nashukuru, mkuu, nimeelewa. Mdogo wangu yuko Georgia na kila siku ananiuliza kama ahame. Umetuacha njiani lakini: yule kijana wa kwenye mahabusu aliishia wapi?

#10 Mleta uzi

Walimchukua kabla ya mapambazuko, saa 48 hazikufika hata nusu. Shangazi alikuwa amerudi asubuhi na chupa ya chai na maandazi, akaambiwa kijana hayupo tena katika jengo lile. Siku tatu baadaye tulimwona kwenye orodha ya kituo cha serikali kuu kilichoko jimbo jingine kabisa.

Sikuwa nimeeleza sehemu iliyofuata. Kesi ya leseni ilikuwa bado ni ya kaunti, na tarehe ilipofika kijana hakuweza kutokea mahakamani kwa kuwa serikali kuu ilikuwa imemfungia mbali. Kwa utaratibu wa mahakama, mtu asipotokea dhamana yake inaweza kutaifishwa. Nilisimama na shangazi mbele ya hakimu, yeye ameshika nakala ya ile I-247A na ukurasa tuliouchapisha unaoonyesha kituo alichomo, mimi nikitafsiri kwamba hakutoroka, amechukuliwa kutoka katika jengo hilihili. Hakimu alisoma karatasi zote mbili taratibu, akamwuliza mwendesha mashtaka kama kaunti ilijua, na mwendesha mashtaka akajibu kwamba mahabusu ilijua lakini ofisi yake haikuarifiwa. Kesi ikaahirishwa. Imeahirishwa mara ya pili tangu hapo.

Kumwambia mdogo wako ahame au asihame siwezi. Mwambie atafute wakili wa uhamiaji mahali alipo, aulize kama kaunti yake ina mkataba wa 287(g) na ni wa aina gani, na asiendeshe gari bila leseni hata kwenda dukani. Fedha za waumini wale bado ziko kaunti, na risiti shangazi anayo.